Kunde Zilizoota Ukutani mwa Handaki

Vijana wa seksheni yangu ya mwisho waliniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau majina yao. Nimestaafu juzijuzi tu na tayari majina mawili yamenitoka, kwa hivyo naanza leo. Habari za vyeo sitaziandika. Hizo ziko kwenye faili na hazijawahi kumchekesha mtu. Nitaandika habari za kuchimba. Majirani zangu hapa Kabiria, Nairobi, hudhani mwanajeshi hushinda akifyatua risasi, na kila nikiwaambia kwamba kazi yangu kubwa ilikuwa sururu, sepetu na magunia ya mchanga, wananitazama kama mtu anayeficha siri ya serikali.

Handaki la kwanza nililoliona maishani lilikuwa pale uwanja wa Jamhuri, kwenye maonyesho ya kilimo. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na nilikuwa nimekwenda kuona ng'ombe wa maziwa. Nikapita kwenye banda la jeshi. Walikuwa wamechimba handaki la kuonyesha watu, na kusema kweli lilipendeza kuliko chumba nilichokuwa nikilala: kuta zimenyooka, chini kumetandikwa mbao, birika linang'aa, na askari mmoja ameketi juu ya sanduku akisoma gazeti. Nikajiambia, kumbe kazi yenyewe ni hii? Jeshi lilipoandikisha watu, nikawa wa mbele kwenye foleni. Sijawahi kumsamehe aliyelileta lile birika.

Siku yangu ya kwanza ya kuchimba ilikuwa katika uwanja wa mazoezi kando ya Barabara ya Ngong. Mwalimu wetu aliitwa Barasa, mtu wa Kakamega, mrefu, mkavu, aliyenyoa ndevu kila asubuhi mpaka mashavu yakang'aa. Tulikuwa tukiambiana kwamba ukipoteza kioo unaweza kujitazama kwake. Mimi nimezaliwa Kabiria wakati bado kulikuwa na mashamba, na niliazimia kumwonyesha kwamba jembe nalijua. Nikajaza magunia ishirini hadi mdomoni, nikayafunga, nikayapanga vizuri, nikasimama kando kungoja sifa. Barasa akaja, akaweka buti lake juu ya gunia la kwanza na kulisukuma kidogo. Likabingirika, likaangusha mengine matatu.

"Njoroge, hii ni gunia ama ni mpira?"

"Ni gunia, afande."

"Basi mbona inacheza?" Hakupandisha sauti. "Jaza robo tatu. Ikilala ilale kabisa, ishike mwenzake. Ukijaza yote inakuwa na kiburi."

Nikayamwaga yote ishirini, nikaanza upya. Hata leo nikiona mahali watu wamepanga magunia yaliyovimba, mkono unaniwasha. Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba gunia lililowahi kubeba kitu kingine ni lazima ligeuzwe ndani nje na kukung'utwa kabla ya kutiwa mchanga. Hakutueleza sababu, na mimi sikuuliza. Muikumbuke hiyo ya pili, kwa sababu mimi niliisahau.

Miaka kadhaa baadaye tukapelekwa ng'ambo ya mpaka, Barasa akiwa sajini wa seksheni na mimi koplo, msaidizi wake. Niliondoka nikiwa na jambo moja moyoni. Wanjiru, msichana aliyekuwa na kibanda cha kusuka nywele pale Kenyatta Market, alikuwa amekubali kuolewa nami. Tulijuana siku nilipokuwa nakula nyama choma hatua chache kutoka mlangoni kwake, akatoka nje kuniambia, bila hata salamu, kwamba aliyeninyoa kisogo alikuwa amefumba macho. Harusi tulikuwa tumeipanga mara mbili, na mara zote mbili jeshi likaniita. Tarehe ya tatu ilikuwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Baba yake, mzee mwenye nyumba za kupangisha Riruta, alinisindikiza mpaka getini siku ya kuaga.

"Kijana, mimi napangisha nyumba. Mtu akiniambia mara tatu 'nahamia mwisho wa mwezi' na hajahamia, nyumba napea mwingine."

Alisema akitabasamu, lakini alisema. Nikaelewa kwamba nisipofika siku hiyo, hakuna tarehe ya nne.

Sasa niwaeleze handaki la kweli. Kwanza, halina birika. Kabla jua halijatoka kila mtu anasimama mahali pake, bunduki ukingoni, macho mbele, hakuna anayeongea, mpaka kupambazuke kabisa. Halafu chai, na biskuti za mgao zilizokuwa ngumu mpaka Wafula, kijana wetu wa bombomu, ile bunduki ya rashasha, akawa anazivunja kwa kitako cha bunduki. Sajini akamkataza, akisema bunduki nayo ina heshima yake. Buti unalikung'uta kabla ya kulivaa kwa sababu nge wanapenda buti. Mchana jua linawaka, mnalala kwa zamu chini ya turubai, wanaobaki macho wanachunga mbele au wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Maji ya kunywa yalipimwa, na ya kuoga yalikuwa kikombe kimoja kwa mtu. Kwa kikombe hicho unapiga mswaki, unanawa uso na kunyoa, na ukibaki na tone unajisifu.

Kona zote tulizipa majina ya kwetu. Mahali pa kupasha chai paliitwa Kawangware. Kona ya kulia, ambako simu ilishika Jumapili tuliporuhusiwa kupiga, ilikuwa Kenyatta Market, kwa sababu kila mtu pale alikuwa anapiga kelele. Mle ndimo nilimosikia kwamba gauni limeshapimwa, na kwamba kamati ya harusi imegombana juu ya keki na kupatana. Nilikuwa narudi mahali pangu na kucheka peke yangu.

Na kuogopa tuliogopa. Sioni haya kuliandika. Kombora likianza kulia juu, mwili mzima unataka kuwa mdogo, na ukuta wa magunia unaupenda kuliko ndugu yako. Ndiyo maana Barasa alikuwa mkali kwa mambo ya magunia.

Oktoba ilipoanza ikanyesha mvua ya siku tatu, na kipande cha ukuta wa mbele kikaporomoka. Nikakimbia stoo. Magunia ya kawaida yalikuwa yamekwisha. Mtunza stoo akanipa ya katani, yale yaliyoleta kunde jikoni. Wingu jingine lilikuwa linakuja na nilikuwa na haraka. Sikugeuza, sikukung'uta. Nilijaza robo tatu, hiyo nilikumbuka, nikayapanga mpaka jioni, na ukuta ukasimama imara.

Baada ya siku chache, asubuhi, tukiwa tumesimama kimya na bunduki, Wafula akaninong'oneza.

"Koplo, ukuta imeota."

"Imeota nini?"

"Angalia mwenyewe."

Nikainua kichwa kidogo. Kwenye mishono ya magunia, mahali mbegu zilipokuwa zimejibanza, vichipukizi vya kijani vilikuwa vimejipanga mstari kama vimeamriwa. Kulipokucha Sajini akaja, akainama kuvitazama.

"Njoroge, uligeuza hizi gunia?"

"Hapana, afande."

"Ng'oa."

Nikaanza kung'oa. Nikang'oa zote za juu zilizoziba macho ya bunduki. Nilipofika za chini, Wafula alikuwa ananitazama kana kwamba nampiga mtoto wake, na mimi mwenyewe mkono ukawa mzito. Mnajua ilivyo kukaa wiki baada ya wiki bila kuona kitu cha kijani? Nikaziacha. Nikaenda kwa Sajini, nikamwambia, "Nimeng'oa, afande," na hakuniuliza ngapi.

Mvua ikakatika. Jua likarudi na hasira zake zote. Nikaanza kuzimwagia maji yangu ya kusukutua mdomo, machache sana, nikijua hayatoshi. Lakini zile kunde zilinawiri. Zikatanda, zikafunika magunia, upande wa kushoto zikiwa nzuri kuliko hata za kulia nilizokuwa nikizimwagia. Wakati huohuo mashavu ya Sajini yakaanza kuharibika. Mtu aliyekuwa kioo chetu akawa anatokea na vidonda vya wembe, hapa na pale, kama kuku aliyenyonyolewa na mlevi. Sikuunganisha mambo hayo mawili mpaka asubuhi moja nilipomkuta kule kushoto ameinama na kikombe chake, akitia maji polepole kwenye kila shina, akizungumza nazo kwa Kiluhya. Nikarudi nyuma kwa vidole. Hatukuwahi kulitaja. Kuanzia siku hiyo yeye alikuwa na upande wake na mimi wangu.

Vita vya kweli vikazuka ndani ya handaki. Wafula na wenzake wa magharibi walitaka majani, ambayo kwao huitwa likhubi.

"Hii likhubi inataka kuchumwa sasa, ikiwa laini. Ikikomaa utakula nini, kamba?"

"Ukichuma majani, kunde zenyewe zitatoka wapi?" akajibu Karanja, kijana wa Murang'a. "Ngoja zikauke, tuchanganye na mahindi, tupike githeri."

"Githeri! Mtu anaona mboga anafikiria githeri!"

Walibishana kwenye chai, wakabishana kwenye drafti, ikafika mahali Karanja akawa anayahesabu majani kabla ya kulala. Mwishowe walimpelekea Sajini kesi. Barasa, ambaye kikazi hakuwa ameona mmea wowote, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Hizo mimea hazipo," akasema. "Lakini kama zingekuwepo, za kushoto zingechumwa majani na za kulia zingengoja."

Alasiri moja kombora likaanguka mbele kidogo ya ukuta. Ardhi ikaruka, vumbi likatufunika, masikio yakawa yanalia. Ukuta ukatikisika ukatulia, magunia yakameza vyuma vyote. Tukaitana majina, kila mtu akaitika. Neno la kwanza la Wafula baada ya kuitika lilikuwa, "Kunde ziko?" Zilikuwepo. Tulicheka mpaka wengine wakalia, na sioni tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili siku kama ile.

Desemba ikafika. Orodha ya likizo ikatoka: Sajini na mimi, gari moja, siku ya Ijumaa, siku nane kabla ya harusi yangu. Kisha tukaambiwa Meja anakuja kukagua mahandaki Jumatano, na kwamba seksheni ambayo handaki lake lina kasoro itabaki na kulijenga upya, likizo hakuna. Usiku ule sikuupata usingizi. Kunde zilikuwa zimefika magotini na maganda yamekauka, kama ushahidi uliotundikwa ukutani.

Meja hakupita njia ya nyuma kama wageni wengine. Alitembea kutoka mbele, upande wa adui, akaja akasimama juu yetu. Tukasimama wima. Akatazama majani, akatutazama sisi.

"Hizi ni nini?"

"Kunde, afande," Sajini akasema.

"Nimetembea kutoka kule. Nimefika hapa karibu nikanyage bunduki yenu ndio nimejua kuna handaki." Akashuka, akaanza kusukuma magunia kwa buti, moja baada ya jingine. Hakuna lililocheza. "Ukuta ni mzuri sana."

Nikaanza kuliona gauni la Wanjiru.

"Lakini na jua hii, kunde haiishi kwa maombi," Meja akaendelea. "Ni maji ya nani?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Maji inakuja na lori, na ile barabara inategwa mabomu. Kuna watu wanaweka maisha yao hapo ili nyinyi mkunywe. Mwenye amemwagilia, jina lake linatoka kwa orodha ya likizo."

Na alikuwa na haki, ndiyo sehemu iliyoniuma. Nilifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, buti la Barasa likatua juu ya buti langu na kukaa hapo, zito, kama gunia lililolazwa vizuri.

"Ni mimi, afande," akasema. "Maji yangu ya kunyoa."

Meja akayatazama mashavu yake. "Inaonekana. Ulikuwa uende lini?"

"Ijumaa, afande."

"Huendi. Na hizi vuneni zote leo. Kesho nisione hata jani." Akapanda kuondoka, kisha akageuka. "Mkipika, sahani moja ije kwangu."

Meja alipopotea nikamfuata Sajini mpaka kona ya Kawangware. "Afande, hata mimi nilimwagilia."

"Najua. Upande yako ilinuka dawa ya meno."

"Lakini nyumbani hujaenda mwaka mzima."

"Wewe uko na harusi. Mimi naenda kuona mamangu, na mamangu hawezi kupea mwingine nafasi yangu." Kumbe maneno ya mkwe wangu alikuwa ameyasikia, pengine nikiyarudia usingizini. "Enda ukaoe. Na ukirudi ulete wembe mpya."

Jioni ile tulikula karamu. Majani ya kushoto yalichemshwa na kutiwa magadi kwa njia ya kina Wafula, kunde za kulia zikachanganywa na mahindi ya kopo, Karanja akiapa kwamba ni githeri, na kila upande ukala chakula cha mwenzake ukisema si kibaya. Sahani ya Meja ilirudi ikiwa safi. Ijumaa, gari likiwa tayari linanguruma, Barasa akanipa soksi iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na kunde kavu.

"Peleka kwa bibi."

Basi nikaoa. Suti niliinunua mjini Alhamisi, shati likiwa bado na mikunjo ya dukani siku ya kanisani, na baba mkwe alinishika mkono mlangoni akasema, "Umehamia." Wanjiru nilimweleza habari yote siku ya pili, tukiwa tumechoka. Hakucheka pale nilipotarajia. Alifungua fundo la soksi, akazihesabu kunde moja moja mkekani, akalia kidogo, kisha akazipanda.

Mwaka uliofuata akazipanda tena, na wa tatu, mpaka leo. Shamba letu Kabiria limegeuka vyumba, kwa hivyo anapanda ndani ya magunia uani, kama wengi mtaani, na mimi ndiye mjazaji. Sheria yake ni moja: jani halichumwi. "Hizi ni za mbegu," anasema. Amewanyima majirani, amemnyima mama yangu mzazi, na siku moja alimfukuza na mwiko shemasi wa kanisa letu.

Mimi niliendelea na kazi. Nilifundisha kuchimba, na kila msimu wa maonyesho nikapelekwa Jamhuri kujenga handaki la kuonyesha watu. Kina mama waliniuliza choo kiko wapi, nami niliwajibu ukweli. Birika nililikataa kabisa. Barasa yeye alihamishwa, akastaafu, akarudi Kakamega. Tuliongea kwa simu kila Krismasi, na kila Krismasi alisema atakuja Nairobi, kisha akasema Nairobi ina makelele.

Siku ya kuniaga tulifanya chakula cha mchana hapa nyumbani. Nyinyi vijana mlikuwepo, mnakumbuka mzee aliyeingia na mwavuli na mfuko wa ndizi. Nyinyi hamkumjua. Mimi nilimjua kwa mashavu. Yalikuwa yanang'aa tena. Nilisimama nikapiga saluti nikiwa na mkono wenye mchuzi.

Wanjiru hakuwahi kumwona maishani mwake. Alitoka jikoni, akamtazama, akanitazama mimi.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Karibu, baba," akamwambia. "Chai inakuja."

Barasa alikuwa hamsikii vizuri. Alikuwa ameyaona magunia uani. Akaenda moja kwa moja, akainama, akalishika jani la kunde kati ya vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa. Jamaa zangu wote, walioijua ile sheria, wakageuka kumtazama Wanjiru.

Wanjiru akaingia ndani, akatoka na karai. Akaanza kuchuma. Alichuma machanga na makubwa, gunia la kwanza, la pili, la tatu, mpaka mashina yakabaki matupu, machozi yanamtoka na anacheka. "Nimengoja kuyapika haya miaka mingi," akasema. "Sikujua utachelewa hivi."

"Mama, mbegu je?" nikamuuliza.

"Mbegu ilishafika kwa mwenyewe."

Akayapika kwa magadi, na Barasa akala sahani tatu, huku Wanjiru ameketi mbele yake akimtazama. Alipomaliza akanawa mikono, akarudi uani. Akazunguka magunia yangu polepole. Lile la mwisho nilikuwa nimelijaza asubuhi hiyo kwa haraka za sherehe. Akaweka kiatu juu yake, akasukuma. Likacheza.

"Njoroge."

"Ndiyo, afande."

Nikavua koti langu la kuagwa, nikalipunguza lile gunia mpaka robo tatu.